Mama Mkwe, Kitunga na Matairi Mawili Yasiyoelewana

Jamani, leo nimempoteza mama mkwe.

Sisemi amefariki, Mungu apishe mbali! Nimempoteza kama mtu anavyopoteza funguo. Nilikuwa naye, halafu nikawa sina, na hapo katikati sikujua kitu. Naandika nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nyuma ya nyumba ya mjomba wa mchumba wangu, huku mtaa wa Nguba, nangoja shati likauke. Lilikuwa jeupe. Bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana mji wetu huu wa Bukavu mnaujua.

Nianze na pikipiki. Niliinunua kwa binamu yangu aliyekuwa akiibebea mizigo kwenda Bunyakiri, kwenye barabara za tope. Nyuma ina tairi la meno makubwa, crampon, yale ya kung'ata tope. La mbele lilipochakaa nikaweka nililolipata: jembamba, laini, la kutembea kwenye lami ya mjini siku ya jua. Kila Jumamosi nasema nitabadilisha. Kila Jumamosi napita mbele ya kwado, fundi wetu wa matairi, naye anatikisa kichwa akiiangalia moto yangu, ndivyo tunavyoita pikipiki huku.

"Murhula, hii moto yako, mbele inaenda misa, nyuma inaenda Bunyakiri. Weye mwenye kuikala juu, unaenda wapi?"

Swali zuri. Leo nilikuwa nakwenda Panzi.

Asubuhi mchumba wangu Nsimire alinipigia simu. Leo familia yao ilikuwa inakaa kikao kwa mjomba wake, Tonton Deo, kuamua kama watanipa binti yao au hawatanipa. (Ndiyo, leo. Ndiyo maana sikulala.) Mama yake alikuwa ameshuka jana kutoka kijijini Mumosho akalala kwa ndugu yake huko mtaa wa Panzi, na bila mama kikao hakianzi.

"Murhula, gari ya Tonton inakatala kuwaka. Mama iko anangoya Panzi. Wazee walisha kufika, na wanasema kama anachelewa wanarudia kwao, mambo yetu itangoya mpaka nyuma ya Pasaka. Enda umubebe na moto."

"Na moto? Mama yako? Nyuma yangu?"

"Sasa utamubeba mbele?"

Msichana huyu nampenda, lakini ana majibu.

Kwa wasiojua: kwenye ukoo wa akina Nsimire, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Hamshikani mikono. Humtazami usoni. Maneno ni machache, na yakiwa mazito yanapitia kwa mtu wa tatu. Mimi mama huyu nilikuwa nimeshamwona mara kadhaa, lakini ukiniuliza sura yake nitakueleza viatu vyake. Sasa ndiye nimbebe kwenye pikipiki, kiti kimoja, asubuhi ya siku anayoniamulia maisha!

Nilivaa shati jeupe. Nikatoka.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya mji, milima imebaki vichwa tu. Wanaonijua wanajua ugonjwa wangu: naota macho wazi. Nafundisha jiografia, na kuna siku wanafunzi hulazimika kuniita mara kadhaa wanitoe kwenye ramani nirudi darasani. Asubuhi ya ukungu kama ile ni hatari kwa mtu wa namna yangu. Nilifika Panzi nikiwa tayari nimeshaoa.

Nikamkuta mama amesimama chini ya paa, kikwembe kipya cha kitenge, viatu vyeusi (navijua), na miguuni kitunga kikubwa kimejaa ndizi za kuiva na boga moja. Nikasalimia nikiwa nimeangalia boga. Akaitikia akiwa ameangalia, nadhani, mlima. Kisha akatazama pikipiki kwa muda, mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuionea aibu.

"Kitunga ikae katikati," akasema.

Akili kubwa! Kitunga kingekaa kati ya mkwe na mama mkwe, na heshima ingebaki mahali pake. Ndugu yake akakifunga kwa mpira mgongoni kwangu kabisa. Mimi nikasogea mbele mpaka nikawa karibu nimekalia tangi. Mama akakaa upande upande mwishoni kabisa, mkono ameshika chuma cha mizigo. Na kioo changu kimoja kilichobaki nikakigeuza kiangalie chini, nisije nikamwona usoni kwa bahati mbaya. (Kumbukeni hicho kioo mtakaponihukumu. Nilikigeuza kwa heshima!)

Tukaondoka. Barabara kubwa ilikuwa imefungwa na lori lililokwama, nikakata njia ya ndani, ile inayopanda kati ya nyumba. Kosa. Ule mlima ulikuwa sabuni. Tairi la mbele likaanza kutafuta njia yake, mara kushoto kwa fundi viatu, mara kulia kwa watu waliokuwa wanakunywa chai. La nyuma likachimba. Tope likaruka. Pikipiki ikasimama ikinguruma, haipandi, haishuki. Nikatia miguu yote miwili chini, nikapigana nayo, jasho linanitoka, moyoni nasema, ee Bwana, si leo, siku nyingine yoyote lakini si leo.

Mara ikajibu! Meno ya nyuma yaling'ata, pikipiki ikaruka mbele, tukapanda ule mlima kama mbuzi. Watu wakapiga kelele nyuma yetu. Wananishangilia, nikajua. Mmoja kando ya njia alikuwa anapunga mikono yote miwili. Nikampungia.

"Maman, umeona? Crampon ni crampon!"

Kimya.

Mama mwenye heshima zake. Hawezi kumsifu mkwe mdomoni.

Huko juu tukaikuta lami, na hapo ndipo ndoto iliponichukua kabisa. Niwaeleze kitu: tairi la meno likikutana na lami huimba. Mmmmm, sauti moja, haikatiki. Inapanda kwenye kiti, inapita kwenye mgongo, inafika kichwani, na pikipiki nzima inatetemeka polepole kama mtoto anayebembelezwa. Ukungu ulikuwa unafunguka na kufunga. Nyumba zinatokea, zinapotea. Kitunga kimeniegemea mgongoni kwa uzito wake, na mimi najiambia, Murhula, umembeba mama wa Nsimire, umembeba salama, dunia haina shida. Nikaenda mwendo wa mtu anayebeba mayai.

"Maman, kuko shimo, jishikiliye!"

Nikalizunguka shimo.

"Maman, ingine. Pardon, Maman."

Nikalizunguka na hilo.

Nyuma yetu kukatokea motard mmoja, wa hawa wanaobeba abiria, anapiga honi. Piii! Piii! Nikanyoosha mkono: pita. Hapiti. Piii! Barabara nzima ipo, hapiti!

"Maman, unasikia huyu? Hawa ma-motard hawana heshima hata kidogo. Kuko mutu muzima mbele yake, lakini anapiga honi sawa mutu mwenye kupoteza akili."

Honi ikanyamaza. Nikajua maneno yangu yamemfikia. Akabaki anatufuata taratibu, na mimi nikamsahau.

Sasa sikieni. Yaliyofuata sijui yalitoka wapi. Labda ni lile tairi na wimbo wake. Labda ni kwamba hatukuwa tunatazamana. Kwa maisha yangu yote mama huyu nisingeweza kumwambia neno la moyoni uso kwa uso, lakini hapo tulikuwa na kitunga katikati, wote tunaangalia mbele, ukungu umetufunika. Nikaona, kama si leo, ni lini? Na kwa kuwa pikipiki ilikuwa inanguruma, ikabidi niseme kwa sauti. (Kwa sauti kubwa. Sauti ya darasani.)

"Maman, pardon. Mukwe hasemake hii maneno. Lakini acha niseme tu, halafu utasahau. Nsimire, nilimuonaka mara ya kwanza pale mutaa ya Essence, ku farmasi, duka ya dawa kwenye anatumika kazi. Niliingia kuuliza njia, nikamuona, nikasahau njia. Nikanunua paracetamol. Kichwa kilikuwa kinaniuma? Hapana! Kesho yake nikarudia. Nilinunua paracetamol mpaka mama yangu akafikiri niko na ugonjwa mwenye niko namuficha."

Kimya. Lakini kilikuwa kimya kizuri, kimya cha mtu anayesikiliza. Nilikihisi mgongoni.

Tukapita Essence. Akina mama waliokuwa wanapanga nyanya zao wakaniangalia, mmoja akamgusa mwenzake, wakacheka. Nikawapa tabasamu. Mkwe amembeba mama mkwe na wanaongea, ni jambo la kupendeza, wacha wafurahi. Kwenye mzunguko, askari wa barabarani akanyoosha mkono kunisimamisha. Nilikuwa namwambia mama kuhusu nyumba. Askari akanisikiliza kidogo, akaangalia kitunga, akaniangalia mimi, akashusha mkono akaniacha nipite bila neno. Katika maisha yangu ya kuendesha haijawahi kutokea! Nikasema, heshima ya mama mkwe inafungua barabara.

"Niko naona nyumba, Maman. Kidogo tu. Dirisha yake inaangalia lac, ziwa yetu. Asubuhi sawa hii, ukungu iko juu ya maji, weye uko unakunywa chai yako, hakuna mutu anakusumbua. Nsimire analala, ni dimanche, siku ya kupumuzika, miye ndiye niko napika. Niko najua kupika, Maman, usiogope. Na mutoto wa kwanza, kama ni binti, jina ni yako."

Hapo ziwa likatokea chini, kati ya ukungu, linang'aa kama sufuria jipya, na mimi nikalia. Ndiyo, nimelia. Machozi kabisa, mkono mmoja kwenye gesi.

"Niko naogopa, Maman. Wazee wakikatala leo, sijui nitakuwa nani. Nitarudia ku farmasi, na leo hii kichwa kitauma kwa ukweli."

Halafu, kwa kuwa moyo ulikuwa mwepesi baada ya kusema, nikaimba. Wimbo wa kanisani, beti zote. Nikasikia kama mtu nyuma ananisaidia kiitikio. Sauti ya kike, chini chini. Nikasema, mama ameingia! Nikaimba kwa nguvu zaidi mpaka tukafika Nguba.

Lango lilikuwa wazi. Familia nzima imesimama uani, wazee kwenye viti, akina mama kwenye ngazi. Kigelegele kimoja kikaanza, kikafika nusu, kikakatika. Sikujali. Nikasimamisha pikipiki taratibu, nikashuka, nikaishika imara, nikainamisha macho, nikageuza uso upande kama mkwe aliyefundwa.

"Maman, karibu. Tulifika salama."

Nikangoja.

Nikaona Mama ni mtu mzima, kikwembe kinambana.

"Pole pole, Maman. Chukua wakati yako."

Nikangoja tena. Kisha nikasikia sauti ya Nsimire, ndogo kabisa.

"Murhula."

"Eeh?"

"Mama iko wapi?"

"Si huyu," nikasema, na kwa heshima zote, kwa mkono wazi, nikaonyesha.

Ndipo nikageuka. Kilikuwepo kitunga. Ndizi zilikuwepo. Boga lilikuwepo, limekaa vizuri, halikupata hata mkwaruzo.

Jamani, mama hakuwepo. Tonton Deo akainuka kwenye kiti. "Kijana, dada yangu umemuangusha wapi?" Lakini kichwani mwangu alikuwa nami sasa hivi, tumeimba wote! Nikamwona amelala shimoni, mojawapo ya yale mashimo niliyoyazunguka kwa ustadi. Nikaona kikwembe kipya ndani ya tope. Nikaona Nsimire haniangalii tena maisha yake yote. Sikuwahi kuogopa hivyo.

Nikarukia pikipiki nirudi kumtafuta. Pale langoni wameweka mawe laini, ya kupendeza, na yalikuwa yamelowa. Tairi la nyuma likasukuma kwa nguvu za Bunyakiri. La mbele likateleza kwa upole wa misa. Mimi nikabaki hewani kidogo, nafikiri nilikuwa na wakati wa kusema "ai", kisha nikalala kifudifudi ndani ya dimbwi, mbele ya wazee wote walioitwa kuniamulia.

Nikiwa hapo chini, ikaingia pikipiki nyingine, taratibu. Ikasimama karibu na sikio langu. Nikaona viatu vyeusi. Nilivijua mara moja! Kimoja kilikuwa na tope, cha pili safi. Mama akashuka, akanyoosha kikwembe chake, na hata wakati huo hakunitazama, heshima iko pale pale. Akauambia ukuta:

"Mukanyage pole pole. Kuko mutu hapa chini."

Akaingia ndani. Familia ikamfuata. Nilifurahi kumwona mzima mpaka nikasahau kuinuka.

Kikao ni chao peke yao, kwa hiyo mimi nikaja kukaa huku nyuma, juu ya hii ndoo, chini ya dirisha. Tatizo ni kwamba yule motard walimwingiza ndani wampe chai, na chai ya watu hainywewi kimya. Nikasikia Tonton akimuuliza ilikuwaje.

"Papa, Maman alishuka mwenyewe pale mulimani. Aliona moto inakatala, akashuka ili kumusaidia. Na ule ndugu, vile tu anashuka, akaenda! Watu wanamuita, yeye anapunga mukono. Mimi nikamubeba Maman, tukamufuata. Nikapiga honi, nikapiga honi. Anasema ma-motard hawana heshima."

Wakacheka. Hata wazee.

"Nilitaka nimupite, nimusimamishe. Maman akanigonga ku mugongo. Anasema, 'Wacha honi. Usimupite. Sogea karibu, niko namusikiliza.'"

Ndugu zangu, hapo nilitafuta kama ndoo ina nafasi ya kuingia mtu. Alisikia yote! Kutoka ule mlima mpaka Nguba, yeye, motard, na kila aliyekuwa dirishani mwake. Na motard huyo, Mungu ampe kumbukumbu ndogo siku nyingine, akaanza kunirudia neno kwa neno. Paracetamol. ("Nilijua!" nikasikia Nsimire akipiga kelele.) Nyumba. Lac. Mtoto. Kulia kwangu alikuigiza. Wimbo aliuimba, na akina mama wakamsaidia.

Kisha wakaongea chini chini, muda mrefu. Kicheko chote kikaondoka. Nikakaa na tope langu, nikaona ukungu umekwisha na ziwa lote liko wazi, na ile nyumba yangu haipo popote pale. Nikamwambia Mungu, kama ni hapana, basi waniambie haraka niende.

Mlango ukafunguka. Tonton Deo akatoka, uso wa kikao, mkali. Lakini macho yalikuwa yamelowa, na hakuthubutu kunitazama vizuri.

"Murhula."

"Ndiyo, Tonton."

"Dada yangu iko na neno. Mutu wa tatu ni miye." Akakohoa. "Anasema, huyu kijana alibeba kitunga. Akakiepushia mashimo yote ya Bukavu. Akakiomba pardon. Akakifungulia roho yake, akakiimbia. Anasema, kama anafanyia ndizi vile, mutoto wetu hatateseka."

Nikafuta tope mdomoni.

"Donc, Tonton? Jibu ni nini sasa?"

"Donc, ni ndiyo." Akanishika bega, akaliachia alipoona tope. "Lakini anasema, siku ya ndoa, yeye atatembea na miguu."

Akarudi ndani, na kabla mlango haujafungika vizuri akashindwa kujizuia, akacheka. Mimi nikalia tena, juu ya ndoo, na nilikuwa na sababu.

Basi, ndiyo hivyo. Nimepata mke, na mama mkwe niliyempoteza asubuhi nimempata tena. Naomba asicheke mtu hata mmoja. Walioko ndani wanatosha.